Injini na Giaboksi Zikigoma Kuachana: Kwa Unayefungua Gari Nyumbani

Giaboksi isiyotaka kuachana na injini huwa imeshikwa na kitu. Inaweza kuwa bolti moja uliyoiruka, pini iliyokula kutu, konveta (kile kitungi cha mviringo kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki) ambayo bado imefungwa, au uzito wa injini unaobana maungio kwa sababu jeki imekaa vibaya. Kazi yako ni kukitafuta hicho kitu kabla ya kuchukua mtaimbo. Sehemu kubwa ya mabodi ya giaboksi yaliyopasuka masikio (zile sehemu zilizochomoza zenye matundu ya bolti) ambayo nimeyaona gereji yalipasuliwa na watu wenye nguvu na haraka, na karibu kila mara bolti iliyosahauliwa ilikuwa bado ipo mahali pake.

Ninayoandika hapa yanamhusu zaidi mwenye Toyota ndogo inayovuta kwa magurudumu ya mbele, kama IST, Raum au Corolla, kwa kuwa ndizo zilizojaa mitaani kwetu na ndizo nilizozoea. Gari jingine litakuwa na mpangilio tofauti wa bolti, ila namna ya kufikiri ni ile ile.

Anza na betri. Toa waya wa hasi kabla hujagusa stata, kwa sababu waya mnene wa stata una umeme muda wote hata swichi ikiwa imezimwa, na spana ikiugusa pamoja na bodi utaona cheche kubwa karibu na bomba la petroli. Gari likae juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulalia chini yake, na matofali ya kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa. Giaboksi ya otomatiki ya gari dogo ina kilo 60 na zaidi, kwa hiyo usipange kuipokea kifuani. Kuhusu kufunga cheni bloku, yaani mnyororo wa kunyanyulia injini, kwenye tawi la mwembe: najua inafanyika, na najua mara nyingi tawi linavumilia. Mimi sikushauri. Azima au kodi winchi ya injini, au mwombe fundi mwenye nayo.

Sasa tuseme umetoa shafti za magurudumu, stata, waya, bomba za kupozea mafuta ya gia na maunti (kishikio chenye raba kinachoibeba) ya upande wa giaboksi, na bado haiachii. Rudi kwenye bolti. Zihesabu kwa matundu, usizihesabu kwa zile ulizo nazo mkononi. Pitisha kidole kuzunguka mduara wote wa maungio, juu, nyuma upande wa ukuta wa dashibodi, na chini kabisa. Nyingi zina kichwa cha spana 17 au 14, ila si zote zinaingia kutoka upande mmoja: baadhi huingia kutoka kwenye giaboksi, nyingine kutoka kwenye injini, na wageni wa kazi hii huangalia upande mmoja tu. Bolti za stata mara nyingi ndizo zinazoshika pia giaboksi. Kwenye injini za 1NZ, zilizomo kwenye nyingi ya Toyota hizi, sampu (karai la oili chini ya injini) ya juu ni ya alumini na ina bolti zake zinazoingia kwenye giaboksi kwa chini. Hizo zikiwa zimefunikwa na tope lililochanganyika na oili huwezi kuziona kabisa. Kwa hiyo safisha kwanza. Dizeli, brashi na tochi vinaokoa muda mwingi kuliko nyundo.

Bolti zikiwa zimeisha kweli, mshukiwa anayefuata ni pini. Kati ya injini na giaboksi kuna pini mbili za chuma, nyingi zikiwa vibomba vifupi, ambazo kazi yake ni kuvilenga vipande viwili vikae sawasawa. Chuma cha pini kimekaa ndani ya tundu la alumini, na metali hizo mbili zikikutana na maji yenye chumvi huanza kulana. Alumini hutoa unga mweupe unaojaa kwenye nafasi ndogo iliyopo na kubana pini. Ndiyo maana gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja hugoma zaidi kuliko lililokaa Arusha au Nakuru. Na injini za mtumba zilizotoka Japani, hasa maeneo ya theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, hufika hapa zikiwa na ugonjwa huo huo.

Pini iliyobanwa inahitaji muda. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye maungio pale penye pini, na kama pini ni tupu katikati, pulizia pia kwenye tundu ilimopita bolti. Iache usiku kucha, pulizia tena asubuhi. Wako mafundi wanaochanganya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri, ila asetoni inashika moto upesi sana, kwa hiyo sigara na jiko vikae mbali. Kisha gonga. Tumia nyundo ya raba, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao ngumu, ukizunguka bodi lote la giaboksi kwa mapigo mafupi. Lengo ni mtikisiko unaovunja ule unga, wala hutafuti kuisukuma giaboksi kwa pigo moja.

Joto nalo linasaidia. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukilipasha sikio lenye pini kwa mashine ya hewa moto, tundu hupanuka kidogo kuliko pini iliyomo. Hata maji yanayochemka yaliyomwagwa polepole juu ya sikio hilo hufanya sehemu ya kazi. Usitumie moto wa gesi. Chini ya gari kuna petroli, kuna oili, na sasa kuna dawa uliyopulizia mwenyewe.

Ufa ukionekana, hapo ndipo watu wanaharibu. Usipigilie bisibisi wala tindo katikati ya nyuso mbili za alumini. Kila mkwaruzo utakaouacha utakuwa kivimbe kidogo, na siku ya kufunga giaboksi haitakaa bapa. Tafuta mahali penye ubavu mnene au pembe iliyotengenezwa ikiwa na nafasi ya kupenyeza kifaa, uweke kabari ya mbao ngumu au plastiki. Fungua kidogo upande wa pini moja, nenda upande wa pili, rudi. Ufa uwe sawa pande zote. Ukiona juu pamefunguka kwa unene wa kidole na chini bado pamefumba, simama, kwa sababu giaboksi imeinama na sasa unazibana pini zaidi kuliko kutu ilivyozibana. Irudishe mpaka ufa ulingane, ndipo uendelee.

Jambo hilo linategemea jeki. Injini ishikwe na winchi kwa juu au jeki yenye ubao chini ya sampu, na giaboksi iwe na jeki yake. Kabla ya kutoa bolti mbili za mwisho, pandisha au shusha jeki ya giaboksi kidogo kidogo huku unazijaribu. Zikianza kuzunguka kwa vidole bila kukwaruza, ujue vipande viwili viko kwenye mstari mmoja. Zikiwa bado zinabana baada ya kulegezwa, uzito umekaa juu yake, na utakuwa umekaa juu ya pini pia. Mara nyingi giaboksi iliyodhaniwa imeshikwa na kutu huachia kwa kushusha jeki sentimita moja.

Otomatiki ina mtego wake. Konveta imefungwa kwenye pleti ya injini kwa bolti, sita kwenye Toyota nyingi za aina hii, na unazifikia moja moja kupitia tundu dogo chini, ukizungusha injini kwa soketi kwenye bolti ya puli ya krenki. Zungusha upande inaozungukia injini yenyewe, usije ukailegeza bolti ya puli. Wekea alama bolti yenye rangi tofauti ukiikuta, kwa maana hiyo ndiyo ya kwanza wakati wa kufunga. Ufa ukishapatikana, hakikisha konveta inabaki na giaboksi: isukume kwa ndani, kisha funga kipande cha chuma bapa mdomoni mwa bodi la giaboksi ili isidondoke.

Na kama injini yenyewe imejam, haizunguki? Toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, ngoja, ujaribu tena kwa soketi ndefu bila kulazimisha. Ikikataa kabisa na injini unajua ni ya kutupa, unaweza kuivuta giaboksi na kuiacha konveta kwenye injini. Mafuta yatamwagika mengi, kwa hiyo weka karai. Vuta kwa unyoofu kabisa, usiiache ining'inie, kwani shafti na pampu ya mafuta ndivyo vitu vya thamani vilivyobaki. Ukishaitoa, badilisha sili ya mbele ya pampu hata kama inaonekana nzima.

Kwa gia za mkono mambo ni mepesi zaidi, ila kuna shafti inayopita katikati ya klachi pleti. Meno yake yakiwa na kutu, giaboksi itatoka sentimita chache halafu ikatae. Ongeza dawa kupitia dirisha la uma wa klachi na uitikise pande zote ikiwa imebebwa na jeki. Usiiachie ining'inie kwenye shafti hata kwa dakika moja, kitovu cha klachi kitapinda na gari litatetemeka kila unapoondoka.

Kabla ya kufunga, sugua matundu ya pini na pini zenyewe, upake grisi nyembamba, usiweke giaboksi bila pini zote mbili. Konveta iingize kwenye giaboksi ukiizungusha kwa mkono huku unaisukuma. Itazama kwa hatua, na kila hatua utaisikia. Ikishakaa, bodi la giaboksi lifike lenyewe mpaka liguse injini kwa mkono, na konveta ibaki na nafasi ndogo ya kuzunguka kabla hujaifunga bolti zake. Ukijikuta unaivuta giaboksi kwa spana ili ifumbe, legeza, itoe nje, tazama konveta au klachi ilipokwamia. Ukiendelea kukaza, kinachovunjika ni jino la pampu au sikio la bodi, na utalazimika kwenda kwenye maduka ya vipuri, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, kutafuta giaboksi nyingine.