Kwa mwalimu anayetunga maswali ya kuchagua kwa mara ya kwanza

Mwalimu mwenzangu, jaribio la kwanza nililolitunga, la sayansi darasa la sita, lilikuwa na maswali 40 yenye machaguo manne kila moja. Mwanafunzi mmoja, ambaye daftari lake lilionyesha wazi kwamba hajaelewa mmeng'enyo wa chakula, alipata alama nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kwamba alipokwama alichagua jibu refu. Alikuwa amenisoma vizuri, kwa sababu jibu sahihi nililieleza kwa uangalifu na mengine niliyaandika kwa haraka.

Anayebahatisha tu katika maswali hayo 40 hupata wastani wa alama 10, lakini akiweza kuondoa machaguo mawili ya hovyo katika kila swali, wastani wake hufika 20 hata kama somo halijui. Kwa hiyo kazi kubwa imo katika vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, na vipotoshi vizuri havibuniwi mezani bali hutolewa katika madaftari ya wanafunzi. Chukua swali la 1/2 + 1/3, ambalo jibu lake ni 5/6. Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Anayechagua 1/6 amezidisha. Na anayechagua 2/6 amepata asili ya 6 lakini amesahau kubadilisha kiasi. Kila jibu lisilo sahihi linakuonyesha unachopaswa kufundisha kesho.

Chunga pia lugha ya swali. Ukiuliza kifaa cha kupimia joto la mwili kinaitwaje, kisha ukaweka mizani, rula, saa na kipimajoto, umeshatoa jibu ndani ya swali.

Usitumie maswali haya kupima uandishi. Hata KCPE ya Kenya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliotegemea zaidi maswali ya kuchagua na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na karatasi ya insha iliyoandikwa kwa mkono.

Baada ya kusahihisha, hesabu waliochagua kila herufi. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote kibadilishwe. Ukiona wanafunzi wako bora ndio waliokosa, wote wakiwa wamechagua herufi moja, lisome upya swali lenyewe kabla ya kuwalaumu. Mara nyingi nimekuta lina majibu mawili yanayokubalika, na hapo nimewarudishia alama yao mbele ya darasa.