Presha imeshuka, je, niache vidonge?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54, naishi Morogoro. Nilipimwa presha siku mbili tofauti, nikakutwa na 158/96 na 154/98. Nikaanzishiwa amlodipini miligramu 5. Baada ya mwezi ikawa 146/92, daktari akaniongezea losartani. Sasa ni 126/78. Shemeji yangu anasema dawa mbili maana yake daktari anabahatisha, na kwa kuwa nimeshapona niache kabla mwili haujazizoea. Kuna mtu anauza unga wa kitunguu saumu na mlonge unaomaliza presha kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, daktari wako habahatishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema dawa zianze presha ikithibitika kufika 140/90, mgonjwa aonwe kila mwezi hadi ishuke inavyotakiwa, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Tena unaruhusu kuanza na dawa mbili tangu siku ya kwanza, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Amlodipini hulegeza mishipa, losartani huizuia homoni inayoibana. Angekupandishia amlodipini peke yake hadi miligramu 10, huenda miguu ingekuvimba. Losartani huupunguza uvimbe huo.

Sasa hilo la "nimeshapona". Nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na sijalizoea. Hiyo 126/78 ni presha yako ukiwa umemeza vidonge. Haituambii itakuwa ngapi bila vidonge. Mwili kuzizoea nako hakupo: dawa hizi hazina uraibu. Anayerudi presha ikiwa juu baada ya kuacha, amerudiwa na ugonjwa uleule aliokuwa nao.

Wauza unga wanaishi kwa jambo moja ambalo wengi wao hata hawalijui. Amlodipini hutoka mwilini polepole. Nusu yake tu huchukua saa 30 hadi 50. Ukiacha Jumatatu ukaanza unga, Alhamisi ukapima, utakuta 130 na kitu. Utashangilia, utampigia shemeji, na muuzaji atapata mteja mwingine. Kumbe ni kidonge cha Jumapili ndicho kinachomalizia kazi. Presha itapanda taratibu baadaye, bila kichwa kuuma, bila dalili yoyote, na wengine tunakutana nao wakiwa wameshapooza upande mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia unga umemponya, muulize alipima lini mara ya mwisho, na alikuwa ameacha vidonge wiki ngapi. Wiki sita? Au siku tatu?

Kitunguu saumu kiweke kwenye mchuzi, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na kopo lisiloandikwa kilichomo, na na yule anayekuandikia diklofenaki ya kutuliza maumivu ya mgongo kila mwezi dukani bila kuuliza unatumia nini. Diklofenaki hupandisha presha, na ikikutana na losartani figo zinaweza kuumia.

Ukipunguza uzito na chumvi, chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, dozi inaweza kupunguzwa, ila apunguze daktari huku unapimwa. Na kama tangu uanze losartani hujapimwa damu kuangalia figo na potasiamu, muulize kuhusu kipimo hicho utakaporudi.