Maswali ya Wasomaji: Super ya Kawaida au Petroli ya Bei ya Juu?

Swali: Nina Subaru Forester XT ya 2014, yenye turbo, iliyoagizwa kutoka Japani. Jirani yangu ana Forester ya 2.0 isiyo na turbo na huweka super ya kawaida bila shida. Fundi ananishauri nifanye vivyo hivyo, aliyeniuzia anakataa katakata. Naishi Mombasa na mara kwa mara huenda Nairobi. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Msikilize aliyekuuzia, lakini kwanza fungua kifuniko cha tangi ujionee. Gari nyingi za Japani zina kibandiko hapo. Herufi ハイオク ni petroli ya okteni ya juu, レギュラー ni ya kawaida. Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Kama kibandiko kimebanduka, angalia kitabu cha gari.

Sasa tuje kwenye nambari, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Petroli ya kawaida ya Japani ina okteni (RON) isiyopungua 89, ile ya juu isiyopungua 96. Super ya Kenya ni 93. Kwa hiyo injini ya jirani yako, iliyoundiwa 89, tayari inapata zaidi ya inachohitaji. Akilipa zaidi hapati nguvu wala kilomita. Yako iliundiwa 96. Kwenye pampu ileile anayojazia yeye, wewe umepungukiwa.

Turbo hushindilia hewa, kisha pistoni huibana tena mara 10.6. Joto hupanda mno, na petroli ya okteni ndogo hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe; huko ndiko injini kugonga. Sensa ikiunasa, kompyuta huchelewesha moto wa plagi: nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Kugonga kukizidi, kuta nyembamba zinazotenganisha ringi za pistoni hupasuka. Hapo gari huanza kula oili na unafungua injini nzima.

Mahali unapoendesha pia pana maana. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo haigongi kwa urahisi. Turbo hufidia upungufu huo wa hewa, kwa hiyo usiutegemee. Kwako hatari zaidi ni kupanda kutoka Mombasa kuelekea Mazeras: joto la pwani, AC imewashwa, gari limejaa mizigo.

Ukiwa kituoni uliza nambari ya RON, usitosheke na jina la petroli. Baadhi ya petroli za bei ya juu zina dawa ya kusafishia tu, okteni ni ileile. Okteni huchanganyika karibu kwa wastani: lita 20 za 93 na lita 40 za 95 katika tangi lako la lita 60 hutoa kama 94.3. Bado haijafika 96, lakini ni bora kuliko 93 tupu. Ukikosa kabisa petroli ya okteni ya juu, usikanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa chini ya mizunguko 2,000. Teremsha gia kwanza.

Mwambie fundi aunganishe skana inayosoma data za Subaru aangalie thamani ya DAM, yaani kiwango ambacho kompyuta inaruhusu moto wa plagi kuwahi. Ikiwa 1.0, kompyuta haijapunguza kitu. Ikishuka, kagua plagi, rejeta na uvujaji wa hewa kabla ya kulaumu petroli peke yake.

Swali: Harrier yangu ya 2.0 ya 2014 haina turbo. Petroli ya bei ya juu itanisafishia injini?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Kwa okteni huihitaji. Dawa iliyomo inaweza kusaidia, kwa kuwa injekta zako hunyunyizia petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, nazo huoshwa. Forester XT hapo juu hunyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu zake haziguswi na petroli, na kaboni yake huondolewa kwa kufungua manifoldi.

Swali: Kuna chupa ya kuongeza okteni inayodai “pointi 30”. Ninunue?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Katika biashara hiyo pointi 10 ni okteni moja tu. Pointi 30 ni kutoka 93 hadi 96, tena kwa kiasi cha petroli kilichoandikwa kwenye chupa. Epuka zenye manganizi au feroseni (kemikali zenye metali) kwa matumizi ya kila siku: huacha utando mwekundu kwenye plagi, na plagi iliyochafuka hivyo hukosa moto.