Mkuu, weka chini hicho kijiko cha kalsiamu

Mkuu, kabla hujamlisha huyo mtoto wa mbwa mlo wa jioni, weka chini hicho kijiko.

Umesema una mtoto wa wiki 9 wa Great Dane, ile jamii ya mbwa wakubwa sana, ukauliza mambo matano: alale wapi, usiku akilia afanyweje, ale mara ngapi, mazoezi aanze lini, na ufundishaji. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, ukaandika kwamba aliyekuuzia amekupa kopo la unga wa kalsiamu uchanganye na chakula chake cha mfuko, na hujui uweke vijiko viwili au vitatu. Wadau watatu wamekujibu vitatu, na mmoja akaongeza kwamba umpe na maziwa. Mimi nilijibiwa hivyohivyo. Jibu sahihi ni sifuri. Hata nusu kijiko usiweke.

Wangu anaitwa Jabali. Nilimchukua akiwa na wiki 8, kitoto chenye nyayo kubwa utadhani kaazima za mbwa mwingine. Aliyeniuzia alikuwa na mbwa wazima wa kupendeza kweli, na maneno alikuwa nayo. "Huyu anajenga ghorofa," aliniambia, "na ghorofa halijengwi bila saruji. Saruji yake ni hii." Akanikabidhi kopo jeupe lenye kijiko cha plastiki cha bluu ndani. Vijiko vitatu kila siku, mpaka afikishe mwaka. Nikaamini, kwa sababu maneno yale yanaingia akilini: mbwa mkubwa, mifupa mikubwa, kalsiamu nyingi. Nani angebisha? Chakula nilichokuwa nampa kilikuwa kizuri, cha watoto wa mbwa, kimeandikwa kabisa kwamba ni mlo kamili. Sikujiuliza neno "kamili" lina maana gani.

Alikua kwa kasi ya kutisha. Kila aliyekuja nyumbani alishangaa, nami nikijaza bakuli. Akimaliza naongeza, akimaliza tena naongeza.

Alipokaribia miezi minne, asubuhi moja nilikuwa nimekaa kizingitini namwangalia akinijia, nikaona vidole vya miguu ya mbele vimeanza kutazama nje, mmoja huku na mwingine kule. Juu kidogo ya nyayo, kwenye vifundo, palikuwa pamevimba pande zote mbili kama palipachikwa ndimu chini ya ngozi. Nikapiga picha nikamtumia yule muuzaji. Alijibu kwa dakika mbili: "Hiyo ni dalili ya upungufu. Ongeza viwe vitano."

Nikaongeza, mkuu. Hapo ndipo penye uchungu wangu mpaka leo. Mbwa alikuwa ananionyesha kwa miguu yake mwenyewe kwamba ninamwumiza, nami nikazidisha kilekile kinachomwumiza, kwa wiki mbili nzima, nikijiona mfugaji makini. Wiki ya pili ikiisha akaanza kula amelala. Nilikuwa naweka bakuli, anajivuta mpaka pale, anashuka chini taratibu, mguu wa kushoto ameutoa pembeni, ndipo anaanza kula. Siku hiyo ndiyo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimshikashika, akapiga picha ya eksirei, akanigeuzia kioo nione. Kati ya kiwiko na kifundo kuna mifupa miwili inayokwenda sambamba, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Katika mtoto anayekua, ncha za mifupa hiyo zina tabaka la gegedu, kitu laini kama kilichomo sikioni, na hapo ndipo mfupa hurefukia: gegedu linazaliwa, linageuka mfupa, linazaliwa jingine. Kwenye mfupa mwembamba wa Jabali, chini karibu na kifundo, gegedu lilikuwa limekwama. Lilionekana kama ulimi mweusi uliopenya katikati ya mfupa, na kazi yake ya kugeuka mfupa haikuendelea. Ule mnene ukaendelea kurefuka, mwembamba ukabaki nyuma. Na kwa kuwa imefungamana, mwembamba ukawa kama kamba ya upinde na mnene ukawa upinde wenyewe. Ukapinda. Vidole vikageukia nje kwa sababu mguu mzima ulikuwa unavutwa.

Akaniuliza swali moja: "Unampa kalsiamu ya ziada?"

Nilipomwambia vijiko vitano, alinyamaza kidogo, kisha akachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Ifanye na wewe. Chakula changu kilikuwa na kalsiamu asilimia 1.2. Jabali alikuwa anakula kama gramu 600 kwa siku, kwa hiyo gramu 7 na ushee za kalsiamu zilikuwa tayari zimo humo, zimepimwa na waliotengeneza chakula. Unga wa aina ile karibu asilimia 40 yake ni kalsiamu tupu, hivyo kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2. Vijiko vitatu ni gramu 6. Yaani kwa maagizo ya awali tu, kabla ya ile "ongeza", nilikuwa nakaribia kumpa mara mbili ya anachohitaji. Kwa vijiko vitano nilipita hapo kwa mbali.

Utasema, si mwili utachukua unachotaka na kingine utatoa? Mbwa mzima ndiyo, anaweza. Ulaji ukizidi, utumbo wake unapunguza kiasi unachofyonza. Mtoto wa chini ya miezi kama sita hana uwezo huo kwa ukamilifu. Kwake sehemu kubwa inapita tu na kuingia kwenye damu, atake asitake, na mwili unalazimika kuipeleka kwenye mifupa. Mfupa unaopaswa kujibomoa na kujijenga upya kila siku ili ukae sawa na uzito wa mwili unashindwa kufanya kazi hiyo. Hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Utrecht kule Uholanzi walilisha watoto wa mbwa kalsiamu ya kupita kiasi, wakaona gegedu likikwama na miguu ikiharibika. Na walitumia mbwa gani? Great Dane. Mbwa wako hasa! Elimu hii ina takriban miaka 40, na bado kuna mtu anauza watoto wa Great Dane huku anagawa makopo.

Huyo ndiye anayenichoma kuliko wote. Sisi wanunuzi hatujui, ndiyo maana tunauliza. Yeye ameishi na jamii hii ya mbwa miaka mingi, amelipwa fedha nzuri, na anaona watoto wanaotoka kwake wakipinda miguu. Nilipomrudia na majibu ya daktari aliniambia kwamba nilimtembeza sana, kwamba sakafu yangu inateleza, kwamba madaktari hawawajui mbwa wakubwa. Kila sababu duniani aliitaja isipokuwa lile kopo. Baadaye nilikutana na mtu aliyemchukua ndugu wa tumbo moja na Jabali, naye ana kopo lilelile na kijiko cha bluu. Wa kwake aliwahi kusimamishiwa kalsiamu mapema, miguu ikanyooka yenyewe kwa sehemu kubwa. Wangu alichelewa kwa zile wiki mbili.

Jabali alifanyiwa upasuaji mguu wa kushoto. Walikata kipande cha ule mfupa mwembamba ili kuulegeza ule mnene usiendelee kuvutwa. Mguu wa kulia ulirekebika kwa lishe tu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nambeba nje kwa taulo lililopitishwa chini ya tumbo, mbwa wa kilo 30 na kuendelea, anaona aibu kukojoa nikiwa nimemshika hivyo. Anaugeuza uso pembeni. Sitausahau ule uso.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ningeweza ningeibandika juu ya kila bakuli la mtoto wa mbwa mkubwa: chakula kikiwa kamili, usikiongezee kitu. Si kalsiamu, si unga wa mifupa, si unga wa maganda ya mayai, si vitamini D, ambayo yenyewe inaongeza ufyonzaji wa kalsiamu na ikizidi ni sumu. Hata hayo maziwa uliyoshauriwa, yaache. Geuza mfuko usome nyuma. Tafuta chakula cha watoto wa mbwa wa jamii kubwa, na kalsiamu iwe kati ya asilimia 0.8 na 1.5 hivi. Mwongozo wa AAFCO, chama cha maofisa wa vyakula vya mifugo wa Marekani, unaweka kikomo cha asilimia 1.8 kwenye chakula cha watoto watakaofikia kilo 32 au zaidi, maji yakiwa hayahesabiwi, nami nisingependa kukikaribia kikomo hicho. Fosforasi iwe chini kidogo ya kalsiamu. Mfuko usiosema chochote kuhusu mbwa wakubwa, uache hapohapo.

Nisieleweke vibaya: kama unampikia mwenyewe nyumbani, hilo ni jambo jingine kabisa. Nyama tupu ina kalsiamu kidogo mno, na mtoto anayelishwa nyama tupu mifupa yake inakonda mpaka inavunjika kirahisi. Huko kalsiamu inahitajika, lakini kwa kipimo kilichopangwa na daktari wa mifugo anayejua lishe, si kwa kijiko cha kukadiria. Wewe umesema unampa cha mfuko. Basi kimeshapimwa.

Kosa langu la pili lilisaidiana na la kwanza: kumjaza. Nilidhani mbwa mkubwa anapaswa kuwahi kuwa mkubwa. Sivyo. Urefu wake wa mwisho amezaliwa nao, na kumlisha kupita kiasi kunamfikisha haraka tu, mwili mzito ukiwa juu ya mifupa ambayo bado ni laini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1974 Marekani, huo nao juu ya Great Dane, ulilinganisha watoto walioachwa wale watakavyo na wenzao waliopewa thuluthi mbili ya kiasi hicho. Walioachwa ndio walioharibika mifupa na viungo zaidi. Kwa hiyo mpimie, na usiache bakuli chini kutwa. Umeuliza mara ngapi: kwa umri wake gawa mara tatu au nne kwa siku. Pitisha viganja ubavuni mwake kila wiki. Mbavu uzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Wageni watakuambia mbona amekonda. Waache waseme. Mtoto wa Great Dane anayekua vizuri anaonekana kama ngamia asiyejua miguu yake ni mingapi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mazoezi: aachwe acheze kwenye ardhi laini, achoke mwenyewe, alale mwenyewe. Usimkimbize kwa kamba, usimkimbilize nyuma ya baiskeli, usimrushie vitu aruke avidake. Ngazi asizipande na kushuka kila siku katika miezi hii ya mwanzo. Watafiti wa Norwei waliona watoto wa jamii kubwa waliotumia ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari zaidi ya nyonga kuharibika, na waliocheza huru nje kwenye ardhi yenye vilima vidogo walikuwa na nafuu. Mifupa yake haitamaliza kukua kabla ya takriban mwaka mmoja na nusu, hivyo usiwe na haraka. Kama sakafu yako ni ya vigae, tandika mikeka.

Na jambo moja hukuuliza ila lijue leo: jamii hii tumbo lao hujaa hewa na kujisokota. Ukimwona hatulii, tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usisubiri kupambazuke, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, maana mbwa hufa ndani ya saa chache. Kuna upasuaji wa kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili, kwa ndani, lisijisokote. Muulize daktari wako wakati ukifika. Jabali alifanyiwa.

Sasa hivi ninapokuandikia ana miaka sita, amelala pembeni yangu na ule mguu wa kushoto ameutoa nje kama alivyozoea. Anatembea, anakula, anafurahi. Lakini kila asubuhi akitaka kusimama anaanza na mguu wa kulia, anatulia kidogo, ananitazama, ndipo anauleta wa kushoto. Namsubiri. Nimemsubiri hivyo kila asubuhi kwa miaka mitano na ushee.

Nenda kageuze huo mfuko sasa hivi, uniandikie hapa asilimia ya kalsiamu unayoiona, na uniambie umemwekea kwa siku ngapi mpaka leo. Kisha kesho mchunguze amesimama, umtazame kutoka mbele, uangalie vifundo na vidole vinaelekea wapi. Ukiona tofauti yoyote, usimpigie aliyekuuzia. Mpeleke kwa daktari.