Ukinunua stiki ya gemu za mapigano, tazama ndani
Vijana wa hapa Unguja wanaocheza Tekken na Street Fighter huniuliza wanunue stiki gani, yaani lile sanduku la kuchezea lenye mkono wa kuelekeza na vitufe vikubwa, na wengi wameshavutiwa na bei au rangi. Mimi nawaambia watazame ndani. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na swichi ndogo iliyo chini ya kila kitufe huliwa na kutu mapema. Kitufe kikianza kukataa, uweze kukichomoa na kutia kipya, usilazimike kutupa stiki nzima.

Kwa hiyo tafuta yenye vitufe vya milimita 30 na nyaya za kuchomeka, zisizolehemiwa. Kipimo hicho ndicho cha vitufe vikubwa vya Sanwa na Seimitsu, kampuni za Japani ambazo vipuri vyake vimeenea mno. Mayflash F300, kwa mfano, ni ya bei nafuu na vipuri vyake ni vya kawaida tu, lakini baadaye inakubali vitufe vya Sanwa OBSF-30 na mkono wa kuelekeza wa Sanwa uitwao JLF. Kwa anayeanza, naipenda sana njia hiyo. Stiki ambayo vitufe vyake vimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, iache dukani.

Uliza pia inaingia mashine gani. Street Fighter 6 na Tekken 8 kwenye PlayStation 5 (PS5) zinapokea stiki za PlayStation 4 (PS4), ila usidhani kila gemu iko hivyo.

Uzito nao ni muhimu kwetu tunaocheza tumekaa mkekani. Stiki nyepesi huteleza mapajani pale pale unapotaka kugeuza mkono kwa kasi. Chagua pana, nzito, yenye mpira chini.

Na kama pesa haijatosha, endelea na pedi yako, kile kidhibiti cha kawaida cha kushika mikononi, bila unyonge. Mwaka 2014 mchezaji Mfaransa Luffy alitwaa ubingwa wa Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, katika Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza.

Ukishanunua, usiiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini. Ifunike, na ndani ya mfuko wake tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vitufe viwili vitatu vya akiba viagize pamoja na stiki, mzigo mmoja, maana kusafirisha kitufe kimoja peke yake kutoka nje kunaweza kuzidi bei ya kitufe chenyewe.