Usikimbilie Nashkel: ushauri kwa anayeanza Baldur's Gate ya kwanza

Wengi wanaoacha Baldur's Gate huiacha mapema sana. Wanatoka Candlekeep, ngome ambako gemu inaanzia, wanararuliwa na mbwa mwitu, wanalodi. Wanakutana na ogre mmoja, yaani jitu, anawapiga rungu moja tu, wanalodi tena. Halafu wanasema gemu ya 1998 imepitwa na wakati, wanaifuta kwenye kompyuta.

Gemu haikuwaonea. BioWare waliijenga juu ya kanuni za mchezo wa mezani wa Advanced Dungeons & Dragons toleo la pili, na kwa kanuni hizo mtu wa levo ya kwanza ni raia wa kawaida aliyeshika panga. Mchawi wa levo hiyo anaanza na pointi za uhai zisizozidi nne, ukiondoa nyongeza ya ustahimilivu wake. Mshale mmoja ukimpata vizuri, kwisha habari. Tena hapa adui hapimwi kulingana na levo yako kama ilivyo kwenye gemu nyingi za siku hizi. Ogre ni ogre, uwe umeanza jana au umekaribia mwisho. Ukishalielewa hilo, utajua kwamba kazi yako ya kwanza si kushinda kila pambano. Ni kuchagua nani wa kupigana naye, na nani wa kumpita mbali.

Nianze na namba, maana ndizo zinazowachanganya watu. Kinga huku inahesabiwa kinyume: ikishuka ndiyo nzuri. Mtu asiye na deraya ana kinga 10, na deraya nzito kabisa ya chuma inamshusha hadi 1. Uwezo wa kupiga unaitwa THAC0, nao pia ukishuka ndiyo vizuri. Mpiganaji wa levo ya kwanza ana THAC0 20. Adui wake akiwa na kinga 4, chukua 20 utoe 4: anahitaji 16 au zaidi kwenye dadu la pande 20. Maana yake mara 15 kati ya 20 anapiga hewa. Kwa hiyo ukiona shujaa wako anazungusha upanga hampati mtu, kipanya chako hakijaharibika. Ndivyo hesabu ilivyo.

Sasa igeuze hesabu hiyo upande wako. Vaa deraya inayokupa kinga 4, shika ngao inayopunguza 1, na uwe na wepesi wa 18 unaopunguza 4 nyingine. Umefika -1. Adui mwenye THAC0 20 anahitaji 21 kukupata, na dadu halina 21, kwa hiyo anakugusa akitupa 20 tupu, ambayo hupata siku zote. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: fedha zenu za kwanza zisiende kwenye upanga mzuri. Nunueni deraya, ngao na kofia ya chuma. Kofia haibadilishi kinga, lakini inazuia lile pigo baya la maradufu, na katika levo za mwanzo pigo hilo ndilo linaloua.

Kwa mara ya kwanza, cheza mpiganaji. Najua mchawi anavutia zaidi, na kweli mwishoni mwa safari ndiye anayetisha, ila mhusika wako mkuu akifa gemu imekwisha hapo hapo, hakuna wa kumfufua. Wenzako wanaweza kufufuliwa hekaluni kwa malipo, wewe huwezi. Mwenye uhai wa nne hafai kubeba jukumu hilo. Unapotupa dadu za kumuumba, usichoke kurudia mpaka upate jumla nzuri, kisha jaza nguvu, wepesi na ustahimilivu. Ustahimilivu wa 18 unampa mpiganaji pointi 4 za uhai za ziada kila levo, wakati mtu wa fani nyingine hapati zaidi ya 2. Akili na hekima za mpiganaji zinaweza kubaki za wastani bila hasara kubwa.

Kabla hujatoka Candlekeep, fanya vijikazi vyote. Kuna ng'ombe anayeumwa, kuna panya ghalani, kuna mzee anayetaka hati yake. Ni kazi za kitoto, lakini kila moja inakupa pointi za uzoefu, zile zinazokupandisha levo, na vijisenti, na kwa mtu wa levo ya kwanza hizo si haba. Ingia kila jengo. Ndani ya mawili utamkuta mtu aliyetumwa kukuua. Hao ni dhaifu, na nadhani waliwekwa makusudi ili ujifunze mapema jambo moja: kuna watu wanakutafuta, na wanapenda kusubiri pale unapodhani umefika salama.

Tuingie kwenye ngazi za Friendly Arm, nyumba ya wageni iliyo ndani ya ngome, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Gorion, baba yako mlezi, ameshakwambia uende huko ukawatafute Khalid na Jaheira. Imoen, rafiki yako wa utotoni ambaye fani yake ni mwizi, yuko nawe. Unafika, unaona ngome imara, walinzi wanasema karibu, unashusha pumzi. Kwenye ngazi za kuingilia anashuka mtu mmoja, anakuuliza jina. Huyo ni Tarnesh, mchawi. Hata ukimdanganya, vita iko pale pale.

Anachofanya kwanza ni kujizungushia vivuli vinavyofanana naye, usijue yupi ni yupi. Kisha anatupa uchawi wa hofu, na watu wako wanaanza kukimbia ovyo kama kuku. Kisha anawamaliza kwa mishale ya uchawi isiyokosea. Wengi humkimbilia na upanga, mmoja mmoja, na wanafika akiwa tayari amemaliza maneno yake. Fanya hivi: mazungumzo yakiisha tu, bonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi, gemu isimame. Mpe kila mwenye upinde au kombeo amri ya kumpiga. Imoen ana fimbo ya mishale ya uchawi ndani ya mizigo yake tangu mwanzo, na watu wengi hata hawafungui mizigo hiyo kuitazama. Itumie sasa, usiitunze. Mchawi akijeruhiwa katikati ya maneno yake, uchawi unaharibika, na hilo ndilo unalolitafuta. Achia sekunde moja au mbili, simamisha tena, angalia nani amebadilisha mwelekeo. Hamjaanza kumshusha? Rudini nyuma kuelekea kwa walinzi wa uani, nao watamshambulia.

Pambano hilo dogo lina karibu kila kitu utakachohitaji mpaka mwisho. Kusimamisha gemu si kuibia. Mzunguko mmoja wa mapigano ni sekunde sita, na ndani ya sekunde sita watu wako sita wanahitaji amri tofauti. Nenda kwenye mipangilio uiambie gemu isimame yenyewe kila adui anapoonekana. Anayecheza bila kusimamisha anajitesa tu.

Silaha za mbali ndizo mfalme wa gemu hii, na hapa sibembelezi mtu. Upinde unarusha mara mbili kwa mzunguko mmoja, wakati mwenye upanga wa levo ya kwanza anapiga mara moja, pengine moja na nusu kama amebobea. Tena anayerusha haguswi mpaka adui afike. Mpe Imoen upinde mfupi, kasisi kombeo, mchawi vishale vya mkono au kombeo. Mbele awepo mmoja au wawili wenye deraya nzito, nyuma wote wanarusha. Adui mkubwa akiwafuata, aliyefuatwa anakimbia kwa kuzunguka, wengine wanaendelea kumtwanga mgongoni. Ogre hufa hivyo, naye ana pointi 270 za uzoefu ambazo zinagawanywa kwa kundi lote.

Nimtaje ogre mmoja hasa, yule wa kusini mwa Friendly Arm anayebeba mikanda miwili. Mmoja ni mzuri. Mwingine una laana: ukiuvaa unakubadilisha jinsia, na hautoki mpaka laana iondolewe. Kitu chochote cha kichawi kisichotambuliwa usikivae. Kipeleke dukani au hekaluni kitambuliwe, au mchawi wako akitazame kwa uchawi wake. Huo mkanda una kichekesho. Kuna vingine huko mbele havichekeshi.

Uchawi wa kwanza kumfundisha mchawi wako ni wa usingizi. Wanaoanza hupenda moto na miale, lakini mshale mmoja wa uchawi unamuumiza adui mmoja, na usingizi unalaza kundi zima. Aliyelala hakwepi, kila pigo linampata. Kundi la koboldi (viumbe wadogo dhaifu) au majambazi linakuwa kazi ya dakika moja. Wafu waliofufuka hauwapati, na watu wa jamii ya elf wana kinga ya asilimia 90 dhidi yake, kwa hiyo usiutegemee kwa kila mtu. Ukishautumia, mchawi anahitaji kupumzika ili aupate tena. Kupumzika porini ni bahati nasibu: unaweza kuamshwa na mbwa mwitu wakati huna uchawi hata mmoja. Nyumba ya wageni inalipiwa, lakini unaamka mzima.

Kuhusu wenzako. Njiani kabla ya Friendly Arm utakutana na Xzar na Montaron. Ni watu waovu, hawafichi, na wanataka kwenda Nashkel, mji wenye mgodi wa chuma. Unaweza kuwachukua kwa sababu mwanzoni kila mkono wa ziada ni wa thamani, ila jua kwamba hawapatani na Khalid na Jaheira, na mizozo ya aina hiyo inaweza kufikia kutoana damu katikati ya safari. Sifa yako pia inawagusa. Ukitenda mema inapanda, bei za madukani zinashuka, na waovu wanaanza kununa mpaka waondoke. Ukiua raia, inakuwa kinyume. Ushauri wangu ni kuamua mapema kundi lako ni la aina gani, kwa sababu kumlea mtu levo tatu halafu akakuacha porini na vifaa vyako kunaudhi kuliko kufa.

Khalid na Jaheira nao wana haraka ya kwenda Nashkel. Watakunung'unikia ukichelewa mno. Hapo ndipo mtu mpya anapokimbia moja kwa moja hadi mgodini akiwa levo ya kwanza. Una siku za kutosha kupita mji wa Beregost, kufanya kazi za mjini, kununua kwa mhunzi wa Thunderhammer na kufika levo ya pili au ya tatu. Mpiganaji anahitaji pointi za uzoefu 2,000 kwa levo ya pili, mwizi 1,250 tu. Nunua pia panga la akiba. Chuma cha eneo lote kimeharibika, hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na silaha ya kawaida ya chuma inaweza kukatika mkononi mwako katikati ya pambano.

Mashariki ya hekalu la Beregost usiende bado. Ukijikuta kwenye eneo lenye sanamu nyingi za watu waliosimama kama wanaoshangaa, hizo si mapambo. Kuna mabasilisko hapo, jicho lao linageuza mtu jiwe, na mhusika mkuu akiwa jiwe gemu imekwisha. Simamisha, kusanya kundi, rudi ukingoni mwa ramani. Na hapa kuna jambo dogo la kukumbuka unapokimbia: gemu haikuruhusu kutoka eneo mpaka wote wawe wamekusanyika. Mmoja akibaki nyuma, wote mmebaki. Kwa hiyo anza kurudi nyuma mapema, mkiwa bado mna miguu.

Nashkel yenyewe ina kijana anayeitwa Noober. Atakufuata na maswali ya kipuuzi yasiyokwisha. Usimpige. Mvumilie mpaka achoke, utapata pointi kwa subira yako. Halafu usiingie nyumba ya wageni ya hapo kichwa kichwa. Nimeshasema watu wanapenda kukusubiri wapi.

Mgodini mwizi atangulie, akitafuta mitego, hatua chache mbele ya wenye deraya. Mwendo huo unachosha, lakini vichochoro ni vyembamba na mtego mmoja unatosha kumuua mchawi. Koboldi wa kawaida ni rahisi. Wale wanaorusha mishale ya moto ndio wa kulazwa usingizi kwanza. Usipigane nao uwanjani. Rudi kwenye kona, waje mmoja mmoja. Chini kabisa yupo Mulahey, kasisi mwenye damu ya orki, ambaye huita wasaidizi. Wapiga mishale wote wamlenge yeye asimalize maneno yake, na mwenye deraya azuie wengine. Chukua barua zake uzisome, kwani ndizo zinazokuonyesha pa kwenda.

Ukishammaliza, usirudi Nashkel na majeraha kwa furaha ya ushindi. Ponya watu, pumzika, mchawi aupate usingizi wake, kisha sevu kwenye nafasi mpya, siyo juu ya ile ya zamani. Mbele ya nyumba ya wageni atakuwepo Nimbul, muuaji mwingine anayekusubiri, na yeye si Tarnesh.