Swali la lugha: "Usekula bandia" ni kidahizo au ni kijembe?

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia kutoka Tanga. Yeye na wenzake wawili wanaandaa kamusi elezo ndogo ya siasa za dunia kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wamekwama India. "Kuna neno wanarushiana wanasiasa wa huko," anasema, "la kumtuhumu mtu kwamba usekula wake si wa kweli. Mimi nataka liingie. Mwenzangu anasema tusi la jukwaani halistahili kidahizo, yaani kuwa neno lenye maelezo yake kwenye kamusi. Wa tatu hana neno na kidahizo, ila ameshaandika 'usekula uchwara' na hataki kufuta. Tuamulie."

Mwalimu, liingie. Lakini niruhusu nianze na huyo wa tatu, maana huwezi kuamua kama jina linastahili ukurasa kabla hujajua utaliandikaje.

Usekula wenyewe kwanza, yaani dola kutokuwa na dini yake. Katiba ya Tanzania inaielezea nchi kuwa "isiyokuwa na dini", na mitaani tumezoea kusikia kwamba serikali haina dini, wenye dini ni wananchi. Kiswahili safi, sina ugomvi nacho. Shida inaanza pale unapotaka kumtaja mtu anayeuamini mfumo huo. Ukimwita "asiye na dini" umeshamtukana: kwa masikio yetu, mtu asiye na dini ni yule anayemdhulumu yatima na usiku akalala fofofo.

Wahindi nao wameshaangukia shimo hilohilo. Mwaka 1976, katika kipindi cha hali ya hatari cha waziri mkuu Indira Gandhi, marekebisho ya 42 ya katiba yao yaliingiza neno la usekula kwenye utangulizi. Kihindi cha kila siku kina dharmanirpeksha, yaani "isiyoegemea dharma". Sasa dharma si dini tu. Ni wajibu, ni uadilifu, ni mwenendo unaompasa mtu. Dola isiyoegemea uadilifu itakuwa dola gani? Maandishi ya Kihindi ya katiba yakachukua panthnirpeksha, na panth ni njia, ni dhehebu. Silabi chache tu zimebadilika, lakini hadi leo ukimsikia mwanasiasa wa Delhi akichagua moja na kuliacha la pili, umeshajua anaketi upande gani.

Kwa hiyo kwenye ufafanuzi andikeni "kutofungamana na dini". Kitenzi hicho kimeshakomaa kwenye siasa zetu tangu enzi za Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, kundi ambalo India na Tanzania zote zilikuwamo, na kinabeba vizuri ile maana ya Kihindi ya dola inayokaa umbali sawa na dini zote, badala ya ile ya Kifaransa ya kuiacha dini nje ya mlango wa shule. Kidahizo kiwe "usekula". Linatamkika, linazaa "msekula", na masheikh na wachungaji wanalitumia bila kulifafanua.

Sasa hilo la pili. Uchwara! Namwelewa mwenzenu, neno lina ladha. Mwaka 2016 "dikteta uchwara" lilimfikisha Tundu Lissu mahakamani, na tangu hapo kila mtu analitaka mdomoni. Lakini uchwara ni uhafifu. Fundi uchwara ni fundi kweli, anashika nyundo kweli, ila kabati lake litapinda kabla ya Idi. Anayetoa tuhuma hii kule India hasemi usekula wa mpinzani ni hafifu. Anasema si usekula kabisa, ni upendeleo uliovishwa kanzu ya usekula. Hiyo ni kazi ya "bandia", kama noti bandia, ambayo ubaya wake ni kufanana na ya kweli. "Ghushi" tuwaachie wenye hati na vyeti. "Usekula wa kinafiki" ungefaa kama unafiki usingekuwa na uzito wake ndani ya Uislamu. Kwenye ugomvi ambao nusu yake unawahusu Waislamu, ukiandika mnafiki umeshatoa hukumu ya msikitini. Na bandia haisumbui sarufi: usekula bandia, msekula bandia, wasekula bandia.

Rafiki yako wa pili anasema ni tusi. Ni tusi, hajakosea. Ila matusi yanatofautiana. Kuna tusi linalotoka mdomoni na kuishia hapo, na kuna tusi ambalo ukilifuatilia linakupeleka hadi bungeni. Hili limefika bungeni.

Mwaka 1978 mwanamke Mwislamu wa Indore, India, aitwaye Shah Bano, mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, alienda mahakamani kumdai matunzo mumewe wakili. Mwaka huohuo, kesi ikiendelea, mume akampa talaka. Hakimu wa kwanza alimpa rupia 25 kwa mwezi. Mahakama kuu ya jimbo ikapandisha hadi rupia 179 na paisa 20. Hesabu ya pesa ya sokoni, lakini mume alikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikamthibitishia mwanamke haki yake. Viongozi wengi wa Kiislamu waliona mahakama imeingilia sheria yao ya ndoa. Mwaka uliofuata serikali ya waziri mkuu Rajiv Gandhi, wa chama cha Congress, ikapitisha sheria iliyoonekana kuipunguza nguvu hukumu hiyo.

Hapo ndipo neno likapata miguu. Hoja ya BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, na hasa ya kiongozi wake L. K. Advani aliyelivumisha, ilikuwa hivi: sheria za ndoa na mirathi za Wahindu zilirekebishwa na bunge mwaka 1955 na 1956, ibara ya 44 ya katiba inaielekeza dola kutafuta sheria moja ya kiraia kwa wote, halafu Congress inarudi nyuma pale tu kura za Waislamu zinapotikiswa. Upande wa pili ukajibu kwamba anayesema "bandia" haulilii usekula wa kweli, anatafuta njia ya heshima ya kuuzika. Wakaonyesha msafara wa Advani wa 1990 kuelekea Ayodhya, kudai hekalu la Wahindu pale uliposimama msikiti wa Babri, na msikiti huo uliobomolewa na umati wa Wahindu tarehe 6 Desemba 1992. Angalia lakini jambo moja la kilugha: mtoa tuhuma hakusema "siutaki usekula". BJP ilijinadi kwa "usekula chanya". Ugomvi ni wa nani mwenye hati ya nyumba. (Na hapo juu nimeandika Wahindu, wenye dini, si Wahindi, wenye nchi. Kwenye kitabu chenu herufi hiyo moja ikiteleza, Mwislamu wa Hyderabad atakuwa ameritadi.)

Jina lenye kesi, sheria na miongo ya mabishano nyuma yake linastahili ukurasa. Ila lina aina yake. "Uhujumu uchumi" kwetu lilianza nalo kama jina la kumnyoshea mtu kidole, mwaka 1983, kisha likaingia kwenye sheria. Leo ukiulizwa mhujumu uchumi ni nani unafungua kitabu cha sheria. Usekula bandia hauna kifungu. Wala hujawahi kumsikia mtu akijitambulisha kwa fahari kwamba yeye ni msekula bandia. Ni jina la kupewa tu, na kidahizo cha jina la kupewa lazima kimtaje mwenye kulitoa.

Rasimu uliyoniambatishia inaanza: "Usekula bandia ni sera ya vyama vya India ya kuwapendelea wachache." Hiyo "ni" imeshapiga kura, mwalimu. Rafiki yako wa pili akaisoma, akaona kitabu cha watoto kimekuwa jukwaa, na hapo simlaumu. Wala usikimbilie "huitwa", maana "huitwa" inamficha anayeita. Andika: "Usekula bandia ni jina ambalo wanasiasa wa India, hasa wa BJP, wamelitumia tangu miaka ya 1980 kuwatuhumu wapinzani wao, hasa Congress, kwamba wanazipendelea dini za wachache kwa jina la usekula. Wanaotuhumiwa wanaikana tuhuma hiyo." Ni ndefu, itakula nusu ya safu, lakini mwanafunzi akiimaliza anajua nani kasema, kumhusu nani, na tangu lini. Kesi ya Shah Bano ifuate mara moja; bila hiyo ukurasa utakuwa wa maneno matupu.

Jambo la mwisho, umeuliza kama muweke alama za mtajo kwenye kidahizo. Msiweke. Alama hizo kwenye kichwa cha habari zinakonyeza, na msomaji wa kidato cha tano anajua kukonyezwa. Ziwekeni ndani, pale mnapomnukuu mtu.